Printa ya Wote, Kompyuta ya Nani?

Ukifuata Barabara ya Nyerere ukaupita uwanja wa ndege, Banana na Ukonga, kabla ya Pugu unaingia Gongo la Mboto. Hapa pana Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, KIUT, pana shule za serikali na za watu binafsi kuelekea Ulongoni na Majohe, pana wapangaji wapya kila mwezi, na kwa sababu hizo zote pana steshenari nyingi. Ndani utakuta kompyuta za mezani mbili tatu zilizokwisha kutumika ughaibuni kabla ya kuuzwa Kariakoo, mashine ya kutolea kopi, na printa moja ambayo kila aliyeketi mbele ya kioo anaihitaji.

Printa hiyo moja itumikeje na kompyuta zote? Jibu la mafundi wengi ni kuichomeka kwa waya wa USB kwenye kompyuta moja, kisha kuigawa kwa nyingine kupitia mtandao wa ndani. Kazi yenyewe ni ya dakika chache na hufanya kazi siku hiyo hiyo. Lawama huanza wiki ya pili: printa haionekani, kazi zimekwama, karatasi zimetoka mara tatu. Makala haya yanashikilia jambo moja: printa iliyogawiwa kwa njia hii haiwezi kuwa imara kuliko kompyuta inayoibeba. Mengi yanayosukumiwa printa au mtandao chanzo chake ni ile kompyuta mwenyeji, ambayo aghalabu hakuna aliyekabidhiwa kuitunza.

Kwa nini karatasi haipungui

Ilitarajiwa kwamba huduma zikihamia mtandaoni, karatasi zitapungua. Mtaani imekuwa kinyume. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hujaza maombi kwenye mfumo wa HESLB, huchapa fomu, huipeleka kwa viongozi wa mtaa na kwa kamishna wa viapo itiwe saini na mihuri, kisha huirudisha steshenari iskaniwe na kupandishwa tena kwenye mfumo. Mzazi ambaye mwanawe amechaguliwa kwenda kidato cha tano hupakua maelekezo ya kujiunga na kuyachapa. Anayesajili jina la biashara BRELA, anayechukua namba ya mlipakodi TRA, anayeomba kazi kupitia Ajira Portal, wote hupita kaunta ile ile wakiwa na faili kwenye simu.

Mahitaji haya huja kwa mawimbi. Kuna majuma printa inalala, na kuna majuma ya HESLB au ya kukabidhi ripoti za utafiti ambapo foleni inatoka nje ya mlango. Kwa hiyo anayepanga vifaa vya duka hawezi kutumia wastani wa mwezi. Apime siku ile ngumu, watu watatu wanapobonyeza amri ya kuchapa kwa wakati mmoja.

Wazo lilitoka wapi

Kugawana printa kulizaliwa na bei. Gary Starkweather aliunda printa ya laser ya kwanza mwaka 1971 katika maabara ya Xerox ya Palo Alto, na huko huko ndiko ulikozaliwa mtandao wa Ethernet ulioziunganisha mashine hizo na kompyuta nyingi. HP ilipotoa LaserJet mwaka 1984 iliiuza dola 3,495. Mwaka uliofuata Apple ilitoa LaserWriter kwa dola 6,995, bei ambayo hakuna ofisi ya kawaida ingeweza kuilipa kwa kila meza, na ndiyo maana printa hiyo ilikuja na njia ya kuunganishwa na kompyuta kadhaa kwa waya. Microsoft iliingiza ugawaji wa faili na printa ndani ya Windows kupitia Windows for Workgroups mwaka 1992.

Tatizo la pili lilionekana mapema pia: mtumiaji anapokaa mbali na printa, hajui kinachoendelea huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Richard Stallman alikuwa amezoea kurekebisha programu ya printa ili karatasi ikikwama watu wapate ujumbe kwenye kompyuta zao. Ilipoletwa printa mpya ya Xerox alinyimwa msimbo wake, akashindwa kufanya hivyo. Kisa hicho ni miongoni mwa vilivyomsukuma kuanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, mzazi wa harakati za programu huria.

Leo hesabu imebadilika. Printa ya kawaida si mali ya kufungiwa kabatini. Kinachogharimu ni wino, umeme, nafasi ya meza, na mtu wa kuihudumia. Printa za matangi ya wino, ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010 na ambazo leo zimejaa kwenye maduka yetu, zimeshusha gharama ya ukurasa kiasi kwamba sababu ya zamani ya kugawana imedhoofika. Sababu iliyobaki ni usimamizi: mashine moja ni rahisi kujaza wino, kuhesabu na kulinda kuliko tatu.

Njia nne, na kasoro zake

Njia ya kwanza ni flashi. Faili linanakiliwa kwenye kompyuta ya pili na kupelekwa kwa mkono hadi yenye printa. Haihitaji mtandao wala fundi. Kasoro yake ni virusi, na fonti: ripoti iliyopangwa vizuri kwenye mashine moja hufunguka kwenye nyingine ikiwa na kurasa zilizoruka. Dawa ya fonti ni kuihifadhi kama PDF kabla ya kuihamisha.

Ya pili ni kompyuta mwenyeji, ndiyo mada yetu. Ya tatu ni printa yenye anwani yake yenyewe kwenye mtandao, kwa Wi-Fi au waya wa Ethernet, isiyotegemea kompyuta yoyote. Epson L3110 na L3150 ni ndugu wanaofanana sana kwa umbo, ila ya kwanza ina USB tu na ya pili ina Wi-Fi. Tofauti hiyo ya namba ndiyo inayoamua mtindo mzima wa duka, na wanunuzi wengi huigundua wakiwa wameshafika nyumbani.

Ya nne ni kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu, kwa AirPrint ya Apple iliyoanza mwaka 2010 au huduma kama hizo za Android. Inafaa nyumbani. Kwa steshenari ina hatari, maana humlazimu mwenye duka kumwingiza mteja kwenye Wi-Fi yake.

Wapo wanaojaribu njia ya katikati: kuichomeka printa ya USB kwenye ruta yenye tundu la USB. Kwa baadhi ya mashine hufanya kazi. Kwa HP LaserJet 1020, printa ndogo nyeusi na nyeupe iliyodumu sana kwenye ofisi zetu, haifanyi kazi kirahisi, kwa sababu kila inapowashwa husubiri kompyuta iipakie programu yake ya ndani. Bila kompyuta yenye draiva, mashine hiyo huwasha taa na kukaa kimya.

Kinachotokea ukibonyeza

Kwenye Windows, mwenyeji huipa printa jina la kugawia, na kompyuta nyingine huifikia kwa jina la mwenyeji likifuatiwa na jina la printa. Kompyuta hiyo nyingine hupokea draiva kutoka kwa mwenyeji. Kazi inapotumwa, huhifadhiwa kwanza kwenye diski ya mwenyeji ndani ya folda ya foleni, halafu husukumwa kwenye printa kwa zamu. Maelezo haya mafupi yanafumbua nusu ya malalamiko.

Mwenyeji akilala ili kuokoa umeme, printa "imepotea". Aliye kwenye kompyuta ya pili anabonyeza tena, anabonyeza mara ya tatu. Mtu akigusa kipanya cha mwenyeji, kompyuta inaamka, na nakala zote tatu zilizokuwa zikisubiri kwenye kompyuta ya pili zinatoka kwa mpigo. Karatasi hizo hazina wa kuzilipia.

Fundi akibadilisha jina la mwenyeji baada ya kusafisha Windows, njia ya zamani inakufa. Kompyuta ikiuona mtandao kama wa umma badala ya wa faragha, Windows hufunga mlango wa kugawana. Hili hutokea sana pale mtandao wa duka unapokuwa hotspot ya simu ya bosi: kila kifaa kipya kinauhesabu kama mtandao wa ugenini, na bosi akiondoka na simu yake, mtandao nao umeondoka.

Hapo kuna dhana potofu ya kuondoa. Kugawana printa ndani ya duka hakuli bando. Kazi inatoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia ruta au swichi bila kugusa intaneti, hata kama bando limekwisha tangu jana. Swichi ndogo yenye matundu 5 na waya wa Ethernet hutosha kwa duka zima, na hutulia kuliko Wi-Fi inayogombaniwa na simu za wateja.

Kuna pia kitu ambacho njia hii haikipi kabisa. Windows inagawa kuchapa, haigawi kuskani. Mwenye mashine ya kazi tatu, yaani kuchapa, kuskani na kutoa kopi, akiigawa kupitia kompyuta mwenyeji, ataskani akiwa kwenye mwenyeji tu. Katika msimu wa HESLB, fomu zikirudi na mihuri ili ziskaniwe, huo ni upungufu mkubwa.

Na mtandao hauongezi kasi. LaserJet 1020 hutoa takriban kurasa 14 kwa dakika, hivyo ripoti ya kurasa 60 itachukua zaidi ya dakika 4, na printa ya wino itachukua muda mrefu zaidi. Aliyekuja na barua ya ukurasa mmoja atasubiri nyuma ya ripoti hiyo, isipokuwa mtu aliye kwenye mwenyeji afungue foleni, aisimamishe ripoti kabla haijaanza na kuipitisha barua. Duka linalohudumia wanafunzi wa mwaka wa mwisho litafaidika zaidi na printa ya pili kuliko na kompyuta ya nne.

Mwaka uliofunga milango

Mpaka mwaka 2021 wenye maduka waliweza kuweka mpangilio huu na kuusahau. Kati ya Juni na Julai mwaka huo ulifichuka udhaifu katika huduma ya kuchapa ya Windows, ukaitwa PrintNightmare. Mshambuliaji angeweza kuitumia njia ile ile inayopokea draiva kuingiza programu yake na kuitawala kompyuta. Microsoft ikabana: kuanzia Agosti, kuweka draiva kutoka kwa mwenyeji kukahitaji ruhusa ya msimamizi. Septemba, sasisho jingine lililobana mawasiliano ya printa likaleta ujumbe wa kosa 0x0000011b, na printa zilizokuwa zimegawiwa kwa miaka zikakataa kuunganishwa.

Tiba iliyosambaa kwa mafundi ilikuwa ya aina mbili: kuliondoa sasisho, au kuandika sifuri kwenye sajili ya Windows ili ulinzi ule uzimwe. Zote mbili huirudisha printa kazini, na zote mbili huuacha wazi mlango ambao Microsoft ilikuwa imeufunga. Ndivyo ilivyozoeleka kuzima masasisho yote, "yasije yakaharibu printa".

Mkondo haujageuka. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, kwa mpangilio wake wa kawaida halimruhusu tena mtumiaji wa Pro kuunganishwa kama mgeni asiye na nywila. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali kompyuta nyingi za mitumba haziwezi kupandishwa rasmi hadi Windows 11. Maana yake kwa mwenye duka ni kwamba kugawana kwa mtindo wa "kila mtu aingie" kunaishiwa muda, na kukushikilia ni kukaa na mashine zinazozeeka bila ulinzi.

Umeme hauulizi mtandao

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na kupunguza makali ya mgao. Lakini mtaani umeme hukatika pia kwa sababu ya nguzo, transfoma na matengenezo, na LUKU nayo huisha. Mpangilio wa mwenyeji unahitaji vitu vinne viwe hai kwa pamoja: kompyuta inayotuma, ruta au swichi, mwenyeji, na printa. Kimoja kikizimika, kazi imesimama.

UPS ndogo inaweza kumbeba mwenyeji na ruta kwa muda wa kutosha kuhifadhi kazi. Printa ya laser haifai kuchomekwa humo: inapopasha moto sehemu inayogandisha wino huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na watengenezaji wenyewe huonya dhidi ya jambo hilo. Printa ya tangi la wino hutumia chini ya wati 20 inapochapa, kiasi ambacho hata mfumo mdogo wa sola na betri hukimudu. Kwa duka la mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, tofauti hii ina uzito kuliko kasi iliyoandikwa kwenye boksi.

Umeme ukirudi huja na kero nyingine kwa wale wenye printa za Wi-Fi. Ruta inaweza kuipa printa anwani mpya, ya jana ikiwa inaishia na 5 na ya leo na 9, na kompyuta zikaendelea kuitafuta pale pa jana. Dawa ni kuihifadhia printa anwani moja ndani ya ruta. Ni kazi ya mara moja.

Siri zilizo kwenye foleni

"Dada, nimekutumia WhatsApp, naomba unitolee nakala mbili." Sentensi hiyo ni ya kila saa, na kinachofuata ni faili kufunguliwa kwenye kompyuta ya duka. Kwa siku moja kompyuta hiyo hupokea namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, majibu ya hospitali, mikataba ya nyumba. Kompyuta mwenyeji hupokea zaidi, kwa kuwa kazi za mashine zote hupitia kwenye diski yake. Kwa kawaida faili la foleni hufutwa baada ya kuchapwa, lakini kazi iliyokwama hubaki, na upo mpangilio wa Windows wa kuhifadhi nyaraka zilizochapwa ambao ukiwashwa huziweka zote.

Ili kurahisisha ugawaji, mafundi huzima sharti la nywila. Kuanzia hapo yeyote aliye kwenye Wi-Fi ile anaweza kuifikia printa, pamoja na folda yoyote iliyogawiwa. Kama Wi-Fi hiyo hiyo ndiyo inayouzwa kwa wateja, basi mteja na vyeti vya mwenzake wako chumba kimoja. Shuleni hatari ni ya aina nyingine: mtihani wa muhula ukikaa kwenye foleni ya kompyuta ya ofisi ya walimu, umewafikia wengi kabla ya siku yake.

Hili sasa lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili na azilinde. Steshenari haijazoea kujiona katika kundi hilo, lakini kwa nyaraka zinazopita humo, imo.

Faida inayosahaulika

Haki itendeke kwa mwenyeji pia. Kwa kuwa kazi zote hupitia kwake, ndiye pekee anayeweza kuwa daftari. Windows ina kumbukumbu ya kuchapa ambayo kwa kawaida huwa imezimwa. Ukiiwasha, hurekodi kila kazi iliyomalizika, jina la aliyeituma na idadi ya kurasa. Jioni bosi anaweza kulinganisha rekodi hiyo na fedha za kwenye droo bila kumtuhumu kijana yeyote. Printa yenye anwani yake haitoi daftari la namna hiyo kwa urahisi. Ina kihesabu cha jumla cha kurasa, kinachosomwa asubuhi na jioni, lakini hakisemi nani alichapa nini.

Kwa hiyo anayemwondoa mwenyeji anapata utulivu na anapoteza usimamizi. Duka la watu wawili wanaoaminiana halitaona tofauti. Duka lenye vijana wanaopokezana zamu, na mwenyewe anayekaa Mbagala au Tabata, litaiona.

Uamuzi

Anayenunua printa leo anunue yenye uwezo wa mtandao ndani yake, aihifadhie anwani kwenye ruta, na Wi-Fi ya wateja iwe tofauti na ya kazi. Nyongeza ya bei italipwa na muda ambao hautapotea kuitafuta printa iliyopotea.

Aliye na printa ya USB inayofanya kazi vizuri hana sababu ya kuitupa. Amteue mwenyeji kwa makusudi: kompyuta ya kaunta, isiyotumiwa na wateja, iliyo kwenye waya na UPS, isiyolala saa za kazi, yenye masasisho yaliyowashwa. Aunde juu yake akaunti moja ya kuchapia yenye nywila, kompyuta nyingine ziikumbuke nywila hiyo, na folda za wateja zisigawiwe kabisa. Kuskani kufanyike hapo hapo. Foleni iangaliwe kila jioni na kumbukumbu ya kuchapa iwashwe. Mtu mmoja ajulikane kwa jina kuwa ndiye anayeitunza.

Mwenye kompyuta mbili zilizokaa bega kwa bega na wateja wachache kwa siku, flashi safi na faili la PDF vinamtosha. Akifikisha kompyuta tatu bila kumpata wa kumkabidhi kompyuta mwenyeji, asigawe kupitia kompyuta hata kama fundi atamfanyia bure, kwa sababu gharama halisi ya mpangilio huu ni uangalizi wa kila siku, na huo haumo kwenye ankara ya fundi.